Kujiandaa Mapema kwa Maji Yaliyochafuliwa na Kemikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo watu huuliza tena na tena wanapoanza kufikiria siku ambayo maji yao ya kunywa yatakuwa na sumu isiyouawa kwa moto. Majibu yamelenga kaya na vikundi vidogo, kama vile shule, zahanati au watumiaji wa kisima kimoja. Swali linapogusa lingine, namba yake imetajwa ili jambo moja lisielezwe mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini kuchemsha maji hakusaidii dhidi ya kemikali?

Moto huua viumbe hai. Aseniki, risasi, floraidi na naitreti si viumbe, kwa hiyo hakuna cha kuuawa. Maji yanapogeuka mvuke na kutoka sufuriani, madini hayo hubaki, na maji yaliyosalia huwa na sumu nyingi zaidi kwa kila lita kuliko mwanzo. Ukianza na lita 3 zenye miligramu 60 za naitreti kwa lita, ukachemsha mpaka zikabaki lita 2, kila lita sasa ina miligramu 90. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika kwa kawaida ni chokaa isiyo na madhara, lakini unaonyesha wazi jinsi mambo yalivyo: maji yameondoka, kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake kimebaki.

Kemikali zinazoruka upesi, kama benzini iliyomo ndani ya petroli, huweza kweli kutoka pamoja na mvuke. Hata hivyo zikitoka majini huingia kwenye hewa ya jikoni, na anayezivuta ni yule aliyesimama mbele ya jiko. Kuchemsha kunabaki kuwa kinga bora dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, na mtu asiache kuchemsha kwa sababu ya maelezo haya. Hatari tunayoizungumzia hapa ni nyingine.

2. Maji yangu ni maangavu, hayana harufu wala ladha mbaya. Je, bado nina sababu ya kuwa na wasiwasi?

Ndiyo. Aseniki, floraidi, naitreti na risasi, katika viwango vinavyodhuru, hazionekani wala hazionjeki. Nchini Bangladesh visima vya pampu vilichimbwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1970 ili kuwaepusha watu na maji ya madimbwi yaliyoleta magonjwa ya kuhara. Maji yake yalikuwa masafi machoni, na watoto wengi walinusurika kwa sababu yake. Mwaka 1993 aseniki ilithibitishwa katika visima hivyo, na baadaye ikabainika kwamba makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa kila siku. Wale waliochimba hawakuwa wazembe. Walikuwa wamejiandaa kwa hatari moja tu.

Kinyume chake nacho ni kweli. Maji yenye rangi ya kutu au harufu ya yai bovu mara nyingi huudhi kuliko yanavyodhuru. Jambo la kutiliwa shaka ni badiliko la ghafla: maji uliyoyazoea yakianza kunuka petroli, rangi ya kupaka, dawa ya shambani au kitu kitamu usichokitambua, acha kuyatumia kwanza, uliza baadaye.

3. Je, kuna chombo kimoja kinachoondoa kemikali zote?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko yote. Kila njia ya kusafisha hufanya kazi kwa tabia fulani ya kemikali fulani. Mkaa amilifu (swali la 12) hunasa viuatilifu na viyeyushi vingi, yaani vimiminika vya kuyeyushia rangi na grisi, lakini huiacha naitreti ipite kana kwamba hakuna kitu njiani. Kukeneka, yaani kugeuza maji kuwa mvuke na kuupoza uwe maji tena, huacha nyuma chumvi na metali, lakini kemikali zinazoruka hupanda pamoja na mvuke na kurudi ndani ya chombo safi. Utando wa shinikizo, ambao maji husukumwa kwa nguvu kupita ndani yake, huzuia vitu vingi sana, na bado baadhi ya kemikali ndogo za asili ya mafuta hupenya. Muuzaji anayesema kifaa chake kinaondoa "sumu zote" hajakueleza lolote. Muulize kimejaribiwa dhidi ya kemikali gani, kwa kiwango gani, na kwa lita ngapi.

4. Ikiwa hakuna chombo kimoja, kujiandaa kuna maana gani?

Kuna maana ya kupanga kwa mfuatano. Kwanza, kujua ni kemikali zipi zinaweza kuyafikia maji yako (swali la 5 na la 6). Pili, kuwa na akiba ya maji itakayokuvusha siku za kwanza, wakati ambapo hakuna anayejua bado kilichomwagika (swali la 8). Tatu, kuwa na chanzo cha pili kisichoshiriki hatari na kile cha kwanza. Njia ya kusafisha huja ya nne, ikiwa imechaguliwa kwa ajili ya kemikali inayojulikana. Watu wengi huanza na hatua ya nne kwa sababu ndiyo inayouzwa dukani.

## Kuyajua maji yako

5. Nianzie wapi kujua kemikali gani inaweza kuyafikia maji yangu?

Anza kwa kutembea. Fuata mto kuelekea juu, au zunguka kisima chako, ukiandika kila kilichopo: mashamba yanayopigwa dawa, kituo cha mafuta chenye matangi ya chini ya ardhi, karakana, kiwanda cha ngozi, machimbo ya dhahabu yanayotumia zebaki au sianidi, jaa la taka, barabara kuu wanamopita madereva wa malori ya mafuta. Kwa kila kimoja andika kinachohifadhiwa pale na umbali wake. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko kichujio chochote, kwa sababu siku ya tukio itakuambia nini cha kushuku kabla ya maabara kutoa jibu.

Mfano wa umuhimu wake ni mto Elk katika jimbo la West Virginia, Marekani. Tarehe 9 Januari 2014 tangi la kemikali ya kuoshea makaa ya mawe lilivuja umbali mfupi tu juu ya mahali mtambo wa maji ulipovuta maji yake. Takriban watu 300,000 waliambiwa wasiyatumie maji kwa lolote isipokuwa kusafishia choo na kuzimia moto. Tangi lilikuwa pale pale kwa miaka mingi, likionekana na kila mtu.

Pamoja na binadamu, usiusahau mwamba. Floraidi nyingi hutokana na miamba ya volkano, kama katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, na aseniki hutoka kwenye mashapo ya mito mikubwa. Hizi hazihitaji ajali yoyote. Ziko kisimani tangu siku kilipochimbwa.

6. Nipime nini, na lini?

Kwa kisima kipya, pima angalau aseniki, floraidi, naitreti, manganizi, risasi na kiwango cha asidi. Kisha ongeza kile ambacho karatasi yako ya swali la 5 inakielekeza: viuatilifu ukizungukwa na mashamba, benzini ukiwa karibu na kituo cha mafuta, zebaki ukiwa chini ya machimbo. Kupima kila kitu ni gharama isiyo na sababu. Kupima bila kujua unatafuta nini ni mbaya zaidi, kwa sababu maabara hutoa majibu ya yale tu iliyoombwa, na karatasi isiyotaja viuatilifu haimaanishi kwamba havimo.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani ni mahali pazuri pa kulinganishia: aseniki miligramu 0.01 kwa lita, risasi miligramu 0.01, zebaki miligramu 0.006, floraidi miligramu 1.5, na naitreti miligramu 50. Kuhusu naitreti kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Baadhi ya maabara huandika uzito wa naitreti yenyewe, na nyingine huandika uzito wa nitrojeni iliyomo ndani yake tu. Miligramu 50 za naitreti ni sawa na takriban miligramu 11 za nitrojeni. Mtu akisoma "30" bila kutazama kipimo, huenda yuko salama au yuko karibu mara tatu juu ya kiwango.

Pima mara moja wakati wa kiangazi na mara moja baada ya mvua kubwa, kwa sababu mvua huteremsha mbolea na dawa za shambani, nacho kiangazi hukoleza kile kilichomo. Tumia chupa za maabara yenyewe. Sampuli ya petroli au viyeyushi ijazwe mpaka mdomoni pasibaki kipovu cha hewa, la sivyo kemikali itahamia kwenye hewa hiyo na majibu yatakuwa mazuri kuliko ukweli.

Hifadhi majibu ya siku za amani. Baada ya ajali, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kilichoongezeka.

7. Je, kipimo kidogo cha TDS kinachotumbukizwa majini kinatosha?

Kifaa hicho hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kutokana na hapo hukadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Maji ya kawaida ya kisima yanaweza kusoma miligramu 300 au 400 kwa lita. Aseniki mara tano ya kiwango salama huongeza sehemu ndogo mno ya moja, ambayo kioo cha kifaa hakiwezi kuionyesha. Petroli na viuatilifu vingi havipitishi umeme, kwa hiyo havisomeki kabisa. Kinafaa kwa kazi moja: kufuatilia kama utando wa shinikizo bado uko mzima (swali la 15).

Kwa aseniki kuna vifaa vya kupimia uwanjani vinavyoaminika vya kutosha kutenganisha kisima kibaya na kizuri. Kipande cha karatasi hufungwa kwenye mdomo wa chupa, dawa hutiwa ndani, maji huanza kutoa povu, na baada ya dakika kadhaa karatasi nyeupe hugeuka manjano, kisha kahawia, kadiri aseniki inavyozidi. Kazi hiyo ifanyike nje penye upepo, kwa sababu gesi inayoipaka rangi karatasi ni sumu.

## Akiba na chanzo cha pili

8. Nihifadhi maji kiasi gani?

Kwa kunywa na kupikia, hesabu lita 3 kwa mtu mmoja kwa siku, na uongeze kwa wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na hali ya joto kali. Kwa mahitaji yote ya msingi pamoja na usafi, lita 15 kwa mtu kwa siku ndicho kiwango cha chini kinachotumika katika huduma za dharura. Kaya ya watu 6 inayotaka kujivusha siku 7 kwa kunywa na kupika inahitaji lita 126, yaani madumu 7 ya lita 20 na kubaki na ziada kidogo. Siku 7 ni kipimo cha busara kwa kemikali kwa sababu tukio la kemikali huchukua muda kuliko bomba lililopasuka: lazima sumu itambuliwe, ipite, na majibu ya maabara yarudi.

9. Nitumie madumu ya aina gani?

Yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula au maji, yenye mfuniko unaokaza, na ambayo hayajawahi kubeba kitu kingine chochote. Dumu lililobeba kiuatilifu, mafuta ya taa au kemikali ya kiwandani halioshwi likawa la maji. Niliwahi kulikagua moja ambalo mwenyewe alikuwa amelisugua kwa sabuni mara tatu na kulianika juani wiki nzima. Lilipokuwa tupu halikunuka kitu. Alilijaza maji jioni, akalifungua asubuhi, na harufu ya dawa ya shambani ikapanda mara moja. Plastiki huwa imeinywa kemikali na kuitoa polepole, kwa hiyo dumu kama hilo litobolewe ili mtu mwingine asiliokote akalitumia.

Kwa sababu hiyo hiyo, usihifadhi madumu ya maji chumba kimoja na petroli, rangi au viuatilifu, hata kama yamefungwa vizuri. Mvuke wake hupenya plastiki. Yaweke mahali pasipo na jua, andika tarehe, na ubadilishe maji kila baada ya miezi 6.

10. Je, maji ya mvua yanaweza kuwa chanzo changu cha pili?

Mara nyingi ndiyo chanzo bora, hasa kwa wanaosumbuliwa na floraidi, aseniki au naitreti, kwa sababu mvua haijapita kwenye mwamba wala shamba. Udhaifu wake uko kwenye paa. Rangi ya zamani yenye risasi, mabati yaliyozibwa kwa risasi na vumbi la kiwanda cha jirani vyote huishia kwenye tangi. Weka kifaa cha kumwaga maji ya mwanzo ya kila mvua, na wakati wa moto mkubwa, mlipuko wa kiwanda au jirani anapopuliza dawa, ondoa bomba la kuingizia maji tangini kabla wingu halijafika. Maji ya mvua hubaki yakihitaji kuuliwa vijidudu.

11. Naweza kuchanganya maji mabaya na mazuri?

Kwa kemikali zilizopimwa na ambazo ziko juu ya kiwango kwa kiasi, inawezekana, na hata mitambo mikubwa hufanya hivyo. Kisima chenye floraidi miligramu 3 kwa lita kikichanganywa nusu kwa nusu na maji ya mvua yasiyo na floraidi hutoa miligramu 1.5. Hesabu ifanywe kwa majibu ya karibuni, na kwa kipimo cha chombo, si kwa kukisia. Kwa mwagiko wa ajali usichanganye kamwe. Utaharibu maji mazuri uliyo nayo.

## Njia za kusafisha

12. Mkaa amilifu ni nini, na unaondoa nini?

Ni mkaa uliopitishwa kwenye mvuke wa moto mkali sana au kemikali maalumu mpaka ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 1,000, na kemikali hushikamana na kuta hizo. Huondoa klorini, viuatilifu vingi, viyeyushi, benzini, pamoja na zile kemikali za kudumu za kikundi cha PFAS kwa kiasi kikubwa. Floraidi, naitreti na chumvi za kawaida huuacha zilivyoukuta.

Siri ya mkaa ni muda. Kichujio kidogo kinachopitisha maji kwa kasi ya bomba hunasa ladha ya klorini na si mengi zaidi. Wahandisi hukadiria muda kwa kugawanya ujazo wa mkaa kwa kasi ya maji: ndoo yenye lita 10 za mkaa wa chengachenga, ikipitisha lita 1 kwa dakika, huyapa maji dakika 10. Dakika 10 ni mwanzo mzuri kwa viuatilifu. Ukifungua bomba mpaka lita 5 kwa dakika, unabaki na dakika 2, na mtambo ule ule huwa umegeuka kuwa mwingine.

Maji yachujwe tope kabla ya kuufikia mkaa. Tope huziba vitundu, na metali nyingi husafiri zikiwa zimeshikamana na tope, hivyo kulituliza na kulichuja huondoa sehemu ya sumu kwa urahisi.

13. Je, mkaa wa kupikia unaweza kutumika badala yake?

Ukiwa huna kingine kabisa, mkaa uliochomwa vizuri, ukasagwa na kuoshwa, hunasa baadhi ya viuatilifu na ladha mbaya. Uwezo wake ni mdogo kuliko wa mkaa amilifu na hutofautiana kutoka gunia hadi gunia, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuhakikishia ni lita ngapi utasafisha. Kwa kuwa tunazungumzia kujiandaa mapema, nunua mkaa amilifu sasa na uuhifadhi ukiwa umefungwa kabisa usipitishe hewa. Ukiachwa wazi hunyonya mvuke wa kila kitu kilicho karibu na kuchoka kabla haujatumika.

14. Nitajuaje kwamba mkaa umechoka?

Kwa macho hutajua. Mkaa uliojaa hupitisha maji kwa kasi ile ile na kwa rangi ile ile, ila sumu imeanza kupita. Njia inayotegemeka ni kupanga vyombo viwili kwa mfuatano na kuweka koki ndogo katikati. Sampuli huchukuliwa kwenye koki hiyo. Kemikali ikianza kuonekana pale, chombo cha kwanza kimechoka huku cha pili kikiwa bado kinakulinda; cha pili husogezwa mbele, na kipya huwekwa nyuma. Usipoweza kupima, hesabu lita na ubadilishe mapema kuliko kikomo cha mtengenezaji, kwa sababu kikomo hicho kilipatikana kwa maji ya majaribio ambayo huenda ni safi kuliko yako.

15. Vipi kuhusu mashine za utando wa shinikizo, yaani osmosisi rejea?

Kwa kemikali zilizoyeyuka kama chumvi, ndiyo njia yenye upana mkubwa kuliko zote zinazopatikana kwa kaya: floraidi, naitreti, risasi, aseniki na sehemu kubwa ya PFAS. Udhaifu wake ni wa vitendo. Inahitaji shinikizo, kwa hiyo umeme au bomba lenye nguvu. Hutupa sehemu ya maji yanayoingia, na katika mashine za nyumbani mara nyingi hutupa zaidi ya inayotoa. Utando ukitoboka hautoi ishara, isipokuwa kwa kipimo cha TDS: andika usomaji wa maji yanayotoka siku mashine ikiwa mpya, na ukiona umepanda sana, badilisha. Kwa kawaida mkaa huwekwa kabla yake, kwani aina nyingi za utando huharibiwa na klorini.

Aseniki ipo kwa sura mbili, na ile inayopatikana zaidi katika visima virefu visivyo na hewa hupenya utando kwa urahisi kuliko nyingine. Kutia klorini kwanza huigeuza kuwa sura inayozuilika. Klorini hiyo nayo iondolewe kwa mkaa kabla ya kufika kwenye utando.

16. Kukeneka kunafaa?

Kunafaa kwa metali, chumvi, floraidi, naitreti na aseniki. Gharama yake ni nishati: kugeuza lita moja kuwa mvuke huhitaji takriban uniti 0.7 za umeme hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Kwa lita 18 za kunywa na kupikia za watu 6, hiyo ni uniti zaidi ya 12 kila siku. Mtambo wa jua wa kioo hutoa takriban lita 2 hadi 5 kwa kila mita ya mraba siku ya jua kali, kiasi cha kumtosha mtu mmoja. Kwa petroli na viyeyushi usikutegemee bila mkaa amilifu baada yake (swali la 3).

17. Kuna njia za pekee kwa floraidi na aseniki?

Zipo, na kwa jamii zenye tatizo la kudumu mara nyingi hufaa kuliko mashine za umeme. Floraidi hunaswa na chengachenga za mifupa iliyochomwa kwa joto lililodhibitiwa, au na alumina amilifu, yaani chengachenga zilizotengenezwa kwa oksidi ya alumini. Njia ya Nalgonda, iliyopewa jina la wilaya moja nchini India, hutumia shabu na chokaa: huchanganywa, maji huachwa yatulie, na floraidi huzama pamoja na mashapo. Vipimo vyake visikisiwe, kwani shabu ikizidi huacha alumini majini. Aseniki hushikamana na kutu ya chuma, na vichujio vingi vya vijijini vimejengwa juu ya tabia hiyo moja.

18. Vichujio vya kauri, vya nyuzi, dawa ya klorini na kuanika chupa juani havisaidii?

Vyote vinne vimetengenezwa kwa ajili ya vijidudu. Vitundu vya kauri na nyuzi ni vikubwa mno kuzuia kitu kilichoyeyuka. Klorini haiondoi viuatilifu wala metali, na ikikutana na fenoli, kemikali ya viwandani, hutoa ladha kali ya dawa. Hasa sianidi: usijaribu kuitibu nyumbani kwa klorini, kwa sababu zinaweza kutengeneza gesi yenye sumu.

## Siku ya tukio

19. Tangazo linasema "msinywe". Lina tofauti gani na "chemsheni"?

Tofauti yake ni kubwa. "Chemsheni" humaanisha vijidudu. "Msinywe" humaanisha kemikali isiyopaswa kumezwa: usipikie, usipigie mswaki, usitengenezee barafu, wala usimpe mnyama. "Msitumie kabisa" humaanisha kwamba hata kugusa au kuvuta mvuke ni hatari. Mweleze kila mtu nyumbani maneno haya matatu kabla ya siku yenyewe, maana watu wengi wakisikia habari yoyote mbaya kuhusu maji hukimbilia kuwasha jiko.

Tangazo likiwahi, jaza vyombo vyote kabla sumu haijafika. Mwezi Novemba 2005 mlipuko wa kiwanda mjini Jilin, China, ulimwaga takriban tani 100 za benzini na nitrobenzini katika mto Songhua, na ilichukua zaidi ya siku 10 kufika jiji la Harbin. Jiji lilifunga maji kwa siku kadhaa, na mitambo ikaongezewa mkaa amilifu kabla ya kufungua. Mto ulitoa muda, na muda huo ulikuwa na thamani kuliko mtambo wowote.

20. Naweza kuoga?

Kwa aseniki, floraidi na naitreti katika viwango vya kawaida vya visima, ndiyo, kwa sababu hazipenyi ngozi kwa kiasi cha maana. Mzuie tu mtoto asimeze. Kwa petroli na viyeyushi, usioge, na hasa usioge maji ya moto katika bafu lililofungwa.

21. Nifanye nini na mtoto mchanga?

Akiba ya kwanza iwe yake. Naitreti huzuia damu ya mtoto wa chini ya miezi 6 kubeba oksijeni, na ngozi yake, hasa kuzunguka midomo, hugeuka samawati. Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, ndiye aliyeandika mwaka 1945 kwamba maji ya visima yaliyotumika kukorogea maziwa ndiyo yaliyosababisha hali hiyo. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, akinywa maji salama. Mtoto akibadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja.

22. Maji yakitangazwa kuwa salama tena, nianze kuyatumia papo hapo?

Kwanza ondoa vichujio vyote kwenye njia ya maji, kisha fungulia mabomba ya maji baridi kwa muda uliotangazwa, ukianzia bomba lililo karibu na mita. Mwaga tangi la maji ya moto, ukiwa umefungua madirisha. Vichujio vilivyokuwa vikifanya kazi wakati sumu inapita vitupwe, kwani vinaweza kuirudisha majini.

## Hali zisizo za kawaida

23. Ziwa limegeuka kijani. Je, hilo nalo ni suala la kemikali?

Ndiyo. Aina fulani za bakteria wa kijani-buluu hubeba sumu ndani ya seli zao, na kuchemsha hupasua seli hizo na kuimwaga majini bila kuiharibu. Mwezi Agosti 2014 zaidi ya watu 400,000 katika eneo la Toledo, Ohio, waliambiwa wasinywe wala wasichemshe maji kwa sababu hiyo. Chota mbali na utando wa kijani, na usiutie klorini wala dawa nyingine ukiwa hai.

24. Sumu inaweza kutoka kwenye mabomba yenyewe?

Inaweza. Mjini Flint, Michigan, mwaka 2014 chanzo cha maji kilibadilishwa bila kutia dawa ya kuzuia mabomba kulika, na risasi ikaanza kutoka kwenye mabomba ya zamani. Kwa nyumba yenye mabomba ya namna hiyo, chukua sampuli ya maji ya kwanza baada ya bomba kufungwa kwa angalau saa 6, na kwa kunywa tumia maji baridi, baada ya kuyaacha yatiririke kwa muda. Moto nao ni chanzo kisichotarajiwa: baada ya mioto ya Santa Rosa mwaka 2017 na Paradise mwaka 2018, huko California, benzini ilikutwa ndani ya mabomba ya maji, na mabomba ya plastiki huishikilia na kuiachia kwa muda mrefu.

25. Vichujio na mkaa uliotumika nivitupe wapi?

Kilichonaswa bado kimo ndani. Mkaa uliochuja viuatilifu usichomwe jikoni, na mchanga wa chuma uliochuja aseniki usimwagwe bustanini wala karibu na kisima. Uweke kwenye chombo kilichofungwa na kuandikwa kilichomo, uukabidhi kwa mamlaka inayoshughulikia taka hatarishi. Pasipo na huduma hiyo, hifadhi chombo mahali pakavu penye kufuli, mbali na watoto, kwenye mwinuko usiofikiwa na mafuriko, na jina la kemikali liandikwe kwa rangi isiyofutika kwenye ubavu wa chombo pamoja na kwenye mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana.